Waliobebwa Hadi Majini: Ubatizo na Watu Wenye Ulemavu katika Historia ya Kanisa la Buha

Utangulizi

Swali tunalokusudia kulichunguza katika makala hii ni jepesi kulitamka lakini zito kulijibu. Kanisa lililoingia Afrika Mashariki kwa njia ya kitabu, darasa na ushuhuda wa kinywa limempa nafasi gani mtu asiyeweza kusoma, kukariri wala kusema? Historia za misheni zimetuachia habari nyingi za waliobatizwa: watemi, walimu, wainjilisti, akina mama waliotembea mwendo mrefu kufuata mafundisho. Habari za waliobaki mlangoni ni chache, kwa kuwa aliyebaki mlangoni haandikwi kitabuni.

Tumechagua kulitazama swali hili kutoka nyanda za juu za Kigoma, yaani Kibondo na Kasulu, nchi ya Waha, na sababu zetu ni tatu. Kwanza, huko Wakatoliki, Waanglikana, Wapentekoste, Waadventista na Walutheri wanaishi bega kwa bega, wala hawakubaliani juu ya nani abatizwe na lini. Pili, nchi hiyo imepokea wakimbizi kwa miongo mingi, na miongoni mwao wengi wenye miili iliyojeruhiwa. Tatu, ipo Kabanga, karibu na mji wa Kasulu, mahali ambapo ulemavu ulikuja kuwa suala la uhai na mauti.

Hoja yetu ni hii: katika mafundisho ya ubatizo, mtu mwenye ulemavu si mgeni anayehitaji kutungiwa kanuni ya pembeni. Hakuna ajibatizaye mwenyewe. Kila aliyebatizwa alipelekwa, akashikwa, akamwagiwa maji na mkono wa mwingine. Kanisa linaposahau jambo hilo, hugeuza mlango wa neema kuwa chumba cha mtihani.

Namba na jina

Kabla ya kusema juu ya Kanisa, yafaa tukumbuke jinsi mwili wa mtu ulivyopimwa katika Buha wakati wa ukoloni. Falme za zamani za Heru, Muhambwe na Buyungu zilikuwa nchi za wakulima na wafugaji. Serikali ya Kiingereza iliiona Buha hasa kama ghala la nguvukazi. Waha walikuwa miongoni mwa watu walioajiriwa kwa wingi kwenda mashamba ya mkonge ya Tanga na kwingineko, na baada ya kuundwa kwa ofisi ya wenye mashamba ya kuajiri vibarua mwaka 1944, iliyojulikana kama SILABU, safari hizo zilipangwa kwa utaratibu mkubwa zaidi. Vibarua hao waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alipewa namba yake.

Kabla ya safari mtu alikaguliwa mwili. Mwenye nguvu alichukuliwa. Asiyefaa alirudishwa nyumbani. Hatusemi kwamba dharau kwa mtu mwenye ulemavu ilianza wakati huo, wala hatusemi kwamba jamii ya kale ilikuwa haina lawama. Tunasema kwamba kizazi kizima kilifundishwa kupima thamani ya mtu kwa kazi ya mikono yake. Namba ilikuwa ya mzima. Asiyekuwa mzima hakupewa hata namba.

Katika nchi hiyohiyo na miaka hiyohiyo lilifanyika tendo lingine la kumwita mtu, nalo ni ubatizo. Hapo mtu haulizwi uzito wa mzigo anaoweza kuubeba. Anaitwa kwa jina, na jina lake linatamkwa pamoja na Jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Ingetazamiwa basi kwamba aliyekataliwa na mwajiri angekuwa wa kwanza kukaribishwa majini. Je, ndivyo ilivyokuwa?

Mlango wa mafundisho

Mapadre Weupe walifika Ujiji mwaka 1879. Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa shirika lao, aliweka kanuni kwamba anayeomba ubatizo afundishwe na kujaribiwa kwa muda wa miaka minne. Kanuni hiyo ilikuwa na hekima yake, kwani ilizuia ubatizo wa haraka usio na mizizi. Pamoja nayo palikuwa na desturi nyingine, ya kumbatiza bila kungoja mtu aliye katika hatari ya kufa. Tukiziweka kanuni hizi mbili pamoja tunaona jambo la kusikitisha kwa mtu asiyeweza kufuata mafundisho: njia yake fupi ya kufika majini ilikuwa ni kukaribia kufa. Mlango wa mbinguni ulikuwa wazi kwake, lakini mahali pake katika jumuiya ya walio hai palibaki na shaka.

Kwa upande wa Waprotestanti, kitabu kilichukua nafasi ya miaka minne. Katika Buganda na Bukoba, Wakristo wa kwanza waliitwa wasomaji, na neno kusoma likawa na maana ya kuifuata dini. Lilikuwa jambo jema lililozaa shule nyingi, lakini kipofu alisimama wapi kabla ya maandishi ya nukta kumfikia? Kiziwi alisimama wapi wakati mafundisho yote yalitolewa kwa sauti? Baadaye uamsho uliotokea Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 ulienea Bukoba na Buha pia, ukaleta toba ya kweli, ukapatanisha maadui. Huo nao ulikuwa na kipimo chake: mwamini asimame mbele ya ndugu, aziseme dhambi zake na kutaja siku aliyookoka. Asiye na maneno hakuwa na ushuhuda, na asiye na ushuhuda alihesabiwa bado.

Makanisa yanayobatiza watu wazima tu, yenye nguvu Kasulu na Kibondo hata leo, yanadai ungamo la imani kabla ya maji. Tunawaheshimu ndugu hao kwa bidii yao. Lakini swali linabaki palepale: mtu aliyezaliwa na ulemavu wa akili, ambaye hatatamka ungamo hata akiishi miaka sabini, asubiri mpaka lini?

Sisi Walutheri tusijipongeze mapema. Tunabatiza watoto wachanga, kisha tunajenga mlango wa pili unaoitwa kipaimara. Kwa desturi yetu kijana hukariri Amri Kumi, Imani, Sala ya Bwana na maelezo yake, ndipo akaribishwe Mezani pa Bwana. Asiyeweza kukariri hurudishwa mwaka huu, hurudishwa mwaka ujao, na mwishowe wazazi huacha kumleta. Tulimpokea kwa maji, tukamsimamisha mbele ya mkate.

Luther alisema nini?

Tukirudi kwa Luther mwenyewe tunakutana na mambo mawili yasiyopatana, na ni haki yote mawili yasemwe.

Jambo la kwanza ni mafundisho yake. Katika Katekisimo Kubwa ya mwaka 1529 Luther anafundisha kwamba imani haiufanyi ubatizo bali huupokea. Nguvu ya ubatizo imo katika Neno na agizo la Mungu. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, kifungu cha tisa, laagiza watoto wabatizwe. Mapema zaidi, katika maandiko yake ya mwaka 1520 juu ya Agano Jipya na Misa, Luther alilijibu swali kuhusu viziwi na mabubu: wasinyimwe sakramenti iwapo wanaonyesha kwa ishara kwamba wanaitamani. Na katika dibaji ya Katekisimo Ndogo, anapowataka wachungaji wawe wakali, ukali huo unawaelekea wasiotaka kujifunza. Kati ya asiyetaka na asiyeweza pana tofauti kubwa, na desturi zetu zimeifuta mara nyingi.

Jambo la pili ni aibu. Wageni wa mezani pake waliandika mwaka 1540 kwamba Luther alisimulia habari za mtoto mmoja wa Dessau, mwenye umri wa miaka kumi na miwili, ambaye tukimtazama leo tungesema alikuwa na ulemavu mzito. Kwa maelezo hayo, Luther aliwashauri watawala wa mahali pale mtoto yule atupwe mtoni, akidhani kwamba ni bonge la nyama lisilo na roho. Watawala hawakulifuata shauri lile. Maneno hayo si mafundisho ya Kanisa letu wala hayamo katika vitabu vya ungamo, lakini yalisemwa na mtu yuleyule aliyefundisha kwamba ubatizo hautegemei uwezo wa mtu. Tunajifunza kwamba mafundisho sahihi hayamlindi mtu kwa nguvu zake yenyewe. Yasipofika mpaka kwenye mtoto anayetutisha kwa sura na mwenendo wake, yamebaki kwenye karatasi.

Urithi wa Bethel

Kaskazini ya Buha, Ulutheri wa Bukoba una chimbuko ambalo wasomaji wengi wanalitaja bila kulifikiri. Wamisionari waliofika Usambara mwaka 1891, Rwanda mwaka 1907 na Bukoba mwaka 1910 walikuwa wa Misheni iliyokuja kuitwa Bethel. Bethel, karibu na mji wa Bielefeld huko Ujerumani, ilianzishwa mwaka 1867 kuwa makao ya watu wenye kifafa, na kuanzia mwaka 1872 ilisimamiwa na mchungaji Friedrich von Bodelschwingh. Huko wagonjwa na watumishi waliishi, walifanya kazi na kusali pamoja. Maana yake ni kwamba sehemu ya Kanisa letu ilizaliwa na usharika ambao wengi wa washarika wake walikuwa watu wenye ulemavu. Lutindi, katika milima ya Usambara, palianzishwa makao ya watoto waliokombolewa utumwani mwaka 1896, na mwanzoni mwa karne ya 20 pakawa hospitali ya wagonjwa wa akili.

Urithi huo ulijaribiwa. Utawala wa Hitler ulipoanza kuwaua watu wenye ulemavu, mchungaji Paul Gerhard Braune, akishirikiana na Bodelschwingh mwana, aliandika mwaka 1940 hati ya kuupinga mpango huo, na Bethel haikukubali kuwatoa wagonjwa wake kwa urahisi. Hata hivyo sheria ya mwaka 1933 ya kuwahasi watu waliohesabiwa kuwa na kasoro za kurithi ilitekelezwa Bethel pia. Waliokataa wenzao wauawe walikubali wenzao wakatwe tumaini la uzazi. Hapo tena tunaona Kanisa likiukiri ubatizo kwa nusu.

Kambi na kuta

Turudi Buha. Baada ya Rais Melchior Ndadaye wa Burundi kuuawa tarehe 21 Oktoba 1993, watu wengi walivuka mpaka kuingia Kibondo na Kasulu. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi wa Kongo; machafuko ya Burundi ya mwaka 2015 yalileta wengine wengi, na Nduta katika Kibondo ikafunguliwa tena. Shirika la TCRS, lililoanzishwa mwaka 1964 kwa juhudi za Shirikisho la Kilutheri Duniani, lilikuwa miongoni mwa mashirika yaliyohudumu katika kambi za mkoa huo.

Mkimbizi asiyeweza kutembea hufika kwa mgongo wa mwenzake. Injili ya Marko, sura ya pili, inatuambia habari za mtu aliyepooza aliyebebwa na watu wanne, na mwinjilisti anaangalia sana kusema kwamba Yesu aliiona imani yao, imani ya wale waliobeba. Katika ubatizo wa mtoto mchanga tunafanya vivyo hivyo: usharika unaamini, unajibu, unaahidi. Asiyeweza kusema anabebwa na ungamo la wengine mpaka siku atakapoungama kwa namna yake, au mpaka Bwana amwite.

Ndipo tunafika Kabanga. Kuanzia mwaka 2007 zilienea habari za mauaji ya watu wenye ualbino katika mikoa ya Kanda ya Ziwa na magharibi mwa Tanzania, pamoja na Burundi mashariki. Viungo vyao viliuzwa kwa waliotafuta utajiri kwa njia ya uchawi. Shule ya Kabanga, iliyokuwa tayari ikiwalea watoto wenye ulemavu wa namna nyingine, ikaanza kupokea watoto wenye ualbino, na baadhi ya akina mama pamoja nao. Mwaka 2009 Shirikisho la Kimataifa la Msalaba Mwekundu lilitoa taarifa juu ya mambo hayo, ikiitaja Kabanga na pia Ruyigi, uliokuwa wakati huo mkoa wa Burundi uliopakana na nchi ya Kibondo. Lililodhaniwa kuwa hifadhi ya muda likawa maisha ya miaka. Mtoto alinusurika, lakini alikua mbali na mama, na wapo ambao nyumbani hawakuulizwa tena.

Twaweza kusema nini kama wanateolojia? Mtume Paulo, katika Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, sura ya sita, anawakumbusha Wakristo kwamba miili yao imekwisha kununuliwa kwa thamani. Mwili ulionunuliwa hivyo hauuzwi tena, wala mkono wake, wala nywele zake. Hapa tunahitaji uangalifu. Mtoto ambaye hajabatizwa ana sura ya Mungu sawa na aliyebatizwa, na ulinzi wake hautegemei cheti chetu. Ubatizo hauongezi thamani yake. Unaongeza deni letu. Katika baadhi ya mashauri ya mauaji hayo walihusishwa jamaa wa karibu, na mambo haya yalitokea katika nchi yenye makanisa mengi. Basi tusiulize tu wachawi walifanya nini. Tuulize pia ahadi zilizotamkwa na sharika mbele ya birika la ubatizo zilikwenda wapi.

Lugha inayotuhukumu

Kiswahili chenyewe kinatufundisha jambo. Kipofu, kiziwi, kiwete, kilema: maneno haya yamo katika ngeli ya ki-vi, pamoja na kiti na kisu. Kweli, kijana na kiongozi wamo humo pia, kwa hiyo tusiilaumu sarufi kupita kiasi. Lakini wenye ulemavu wenyewe walilisikia neno hilo kama kushushwa, ndiyo sababu likaja neno mlemavu, na baadaye mtu mwenye ulemavu, ambalo ndilo lililotumiwa na sheria ya Tanzania ya mwaka 2010. Hata hivyo hatukusema kamwe kipofu kimekuja. Twasema kipofu amekuja. Jina linamweka kati ya vitu, kitendo kinamrudisha kati ya watu.

Ipo pia methali: hujafa hujaumbika. Wazee huitumia kumwonya anayemcheka mwenye ulemavu, kwamba naye hajui kesho atakuwaje. Tunathubutu kusema kwamba methali hii iko karibu na mafundisho ya Luther, ambaye katika hotuba yake ya mwaka 1519 juu ya ubatizo alifundisha kwamba tendo la ubatizo hupita upesi, lakini maana yake hukamilika mtu anapokufa. Hakuna aliyekwisha kuumbika. Mzima na mwenye ulemavu wote wako bado mikononi mwa Mfinyanzi.

Kutoka kubebwa hadi kutumwa

Hata hivyo ingekuwa kosa kuishia kwenye kubebwa. Kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya nane, chatuletea Mwafrika wa kwanza kusimuliwa akibatizwa: towashi wa Kushi, ambaye kwa Torati, Kumbukumbu la Torati sura ya 23, mwili wake uliokatwa ulimzuia kuingia katika mkutano wa Bwana. Yeye mwenyewe ndiye aliyeuliza kuna kizuizi gani. Filipo hakutaja kizuizi chochote. Na baada ya maji towashi hakuwekwa chini ya ulinzi wa Filipo. Alikwenda zake akifurahi, mwenye habari ya kupeleka kwao.

Ubatizo humfanya mtu kuwa kuhani miongoni mwa makuhani. Mnenyekevu wa fadhila zetu ni hatua ya kwanza tu. Mtumishi mwenzetu ndilo lengo. Mwaka 1998, wakati wa mkutano mkuu wa Baraza la Makanisa Ulimwenguni huko Harare, uliundwa mtandao wa kiekumene wa watu wenye ulemavu wenye ofisi Nairobi, ukiongozwa na Mkenya asiyeona, Samuel Kabue. Mwaka 2003 Baraza hilo lilipokea tamko juu ya Kanisa lililo la wote na kwa ajili ya wote, lililoandaliwa na watu wa mtandao huo. Mmarekani Nancy Eiesland, mwenye ulemavu mwenyewe, alikuwa amekwisha kuonyesha mwaka 1994 kwamba Bwana aliyefufuka alijitambulisha kwa alama za majeraha yake. Hao hawakungoja kusemewa.

Hitimisho

Yatupasa nini, sisi tunaowaandaa wachungaji na wainjilisti? La kwanza, tutenganishe asiyetaka na asiyeweza, kama dibaji ya Katekisimo inavyotutaka, na kipaimara kiwe na njia ya ishara, ya picha, ya kugusa mkate na kuonyesha kutamani. La pili, mwanafunzi wa teolojia ajifunze lugha ya alama kwa bidii ileile anayojifunzia Kigiriki, kwa maana viziwi wa usharika wake ni wengi kuliko Wagiriki. La tatu, kitabu cha ubatizo kisomwe upya. Mchungaji akae na wazee wa usharika, wafuate jina kwa jina, waulize: huyu tuliyembatiza yuko wapi? Alikipata kipaimara? Anakuja ibadani, au amefungiwa chumba cha ndani? Kama yuko katika kituo cha mbali, nani wa usharika huu amekwenda kumtazama?

La nne ni gumu kuliko yote. Watu wenye ulemavu wahesabiwe katika kuchagua wazee wa kanisa, wainjilisti na wachungaji, na si katika sadaka ya huruma peke yake. Ndugu zetu wa Kibondo na Kasulu, waliopokea wageni wengi kuliko sharika nyingi tajiri, wanaweza kutuongoza katika jambo hili. Wamekwisha kuona watu wakifika kwa migongo ya wenzao. Wanajua kwamba aliyebebwa jana ndiye leo anayesimama langoni kuwaelekeza wanaofika.